Taa ya oili inapepesa injini ikipata moto: sensa imekufa au presha kweli imeshuka?

#1 Gurudumu_la_Tano
Wakuu, habari. Gari la petroli, 1.8, silinda nne, la 2004, limeshatembea kilomita 210,000. Likiwa baridi, taa nyekundu ya oili inazimika mara tu injini inapowaka. Likishatembea nusu saa na kusimama kwenye sailensi (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta), taa inaanza kupepesa. Ukigusa pedali ya mafuta kidogo hadi kama mizunguko 1,100 kwa dakika inazimika. Oili ni 5W-30, iko alama ya juu, filta mpya. Kila ninaposoma naambiwa ni sensa, kazi ya dakika kumi. Kuna sababu ya kutoibadilisha tu mambo yakaisha?

#2 Spana_Kumi
Hakuna sababu. Badilisha. Ndani ya swichi ile ya presha unayoiita sensa kuna kiwambo chembamba na springi. Kiwambo kinakakamaa kwa joto la miaka, mwishowe swichi inafunga pale isipotakiwa. Kilomita 210,000 ni umri wake. Chomoa konekta uchungulie ndani: ukikuta oili, kiwambo kimepasuka na mjadala umekwisha.

#3 Mzee_Kranki
Spana unakimbia. Swichi iliyokufa kwa kawaida ama inawasha taa muda wote ama haiwashi kabisa, hata ukifungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Hii ya mleta mada inafuata joto na inafuata mizunguko. Kitu kinachofuata joto na mizunguko kinaitwa presha.

Oili ya 5W-30 kwenye joto la nyuzi 40 ina unato (uzito wa kutiririka) wa karibu sentistoki 60. Kwenye nyuzi 100 inabaki kati ya 9.3 na 12.5. Oili ni ileile, wepesi umezidi mara tano au sita. Pampu inazungushwa na injini, kwa hiyo kwenye sailensi inasukuma kidogo kuliko wakati wowote. Kama metali za kranki (beringi za shafti kuu ya injini) zimelika, oili hiyo nyepesi inatoka pembeni haraka kuliko pampu inavyoileta. Taa inapepesa. Ukikanyaga, pampu inaizidi, taa inazimika. Hiyo ndiyo picha uliyoichora kwenye #1, neno kwa neno.

Usiguse swichi kabla hujapima kwa geji.

#4 Volti_Tano
Kabla hamjapigana, mleta mada ahesabu nyaya zinazoingia pale, maana wote mnasema "sensa" na vitu viko vitatu.

Waya mmoja, mara nyingi ni swichi tupu: imefunga au imefungua, basi. Ethi yake (njia ya umeme kurudi) ni bodi ya injini kupitia uzi wa kukazia wa swichi yenyewe.

Waya mmoja au miwili yenye geji ya mshale kwenye dashibodi inaweza kuwa ya ukinzani. Zile za mfumo wa VDO zinaanzia omu 10 presha ikiwa sifuri na kupanda hadi karibu omu 180. Za Kimarekani nyingi zinakwenda kinyume, omu 240 kwenye sifuri na 33 kwenye mwisho wa geji. Ukifunga ya mfumo huu kwenye geji ya mfumo ule, mshale utakudanganya kwa ujasiri mkubwa.

Nyaya tatu ni sensa halisi: volti 5, ethi, na waya wa ishara unaoanzia volti 0.5 hadi 4.5. Kama ni ya bar 10 (bar ni kipimo cha presha), volti 2.5 ni bar 5. Ikisoma 0 kamili au 5 kamili, usiangalie oili, angalia waya.

#5 Ringi_Pisi
Mimi ningetoa ile sensa ya presha iliyo kwenye manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye silinda), ningeipulizia dawa ya kusafishia, ningefuta kodi ya hitilafu P0106. Presha ya injini inasomwa pale.

#6 Bi_Gasketi
@Ringi_Pisi hiyo ni ya hewa, kaka, na hapa tunazungumzia oili. Ya manifoldi inapima mvuto wa hewa ili kompyuta ijue imwage petroli kiasi gani. Kodi zake ni P0105 hadi P0108. Ikifa, gari linakula mafuta, linatoa moshi mweusi au linakosa nguvu, lakini haliwashi taa nyekundu ya oili hata siku moja. Kodi za presha ya oili ni P0520 hadi P0524. P0520 ni saketi, P0521 usomaji usioeleweka, P0522 ishara ya chini, P0523 ishara ya juu. P0524 ndiyo mbaya: kompyuta inasema presha yenyewe iko chini.

#7 Ringi_Pisi
Kwani dawa ya kusafishia imemkosea nani? Kichwa cha mada kilisema presha tu, nikajibu presha.

#8 Bi_Gasketi
Kichwa cha mada kimesema oili. Haya, kwa faida ya watakaopita: ya manifoldi ikiwa nzima, ukifungua swichi bila kuwasha injini kwenye usawa wa bahari inasoma kati ya volti 4 na 4.6. Injini ikiwa sailensi inashuka hadi 1 au 1.5. Isiposhuka, kagua kwanza mpira wa hewa kabla ya kulaumu sensa. Turudi kwenye oili.

#9 Gurudumu_la_Tano
Waya mmoja. Konekta kavu kabisa, hakuna oili ndani. Dashibodi haina geji, ni taa tu.

#10 Volti_Tano
Vizuri, kazi imekuwa nyepesi. Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Taa iwake. Chomoa konekta: taa izimike. Chukua kipande cha waya, gusisha ncha ya konekta kwenye bodi ya injini: taa iwake tena. Yote matatu yakitimia, waya na dashibodi ni wazima.

Taa ikibaki inawaka baada ya kuchomoa, waya umechubuka mahali na kugusa bodi. Kwenye injini nyingi waya huu unapita karibu na bomba la moshi, na plastiki ikishaiva kwa joto inapasuka. Hapo ndipo dalili ya "ikipata moto" inaweza kuzaliwa bila oili kuhusika kabisa. Ukiona taa inapepesa, tikisa waya kwa kijiti kikavu, ukikaa mbali na feni na mikanda.

Kisha weka mita kwenye omu, kati ya ncha ya swichi na bodi. Injini imezimwa: karibu na sifuri. Injini inazunguka: mita isisome kitu. Ukipata omu 40 au 60 zinazochezacheza wakati injini inazunguka, swichi ndiyo mgonjwa.

#11 Bi_Gasketi
Nakazia #10 ila kwa tahadhari. Si kila gari linafuata mpango huo. VW za zamani zina swichi mbili. Ya kwanza inafungua kwenye takriban bar 0.3. Ya pili ni kinyume chake, inafunga presha ikipita takriban bar 1.8, na kompyuta inaiuliza injini ikipita mizunguko 2,000 hivi. Hiyo ukiichomoa konekta na kukanyaga, king'ora kinalia badala ya kunyamaza. Magari mapya yenye pampu ya hatua mbili ni hivyohivyo. Anayefuata jaribio la kuchomoa bila kujua ana swichi ya aina gani atapata jibu la uongo.

Kwa gari la mleta mada, waya mmoja, taa tu, #10 inatosha.

#12 Spana_Kumi
Konekta kuwa kavu haimaanishi kiwambo ni kizima. Kinakakamaa ndani bila tone kutoka. Bado nasema swichi.

#13 Mzee_Kranki
Basi geji imuamue. Mleta mada, fanya hivi.

Injini iwe imepoa. Kwenye silinda nne nyingi swichi iko pembeni ya bloku karibu na filta. Toa konekta, tumia soketi ndefu, 24 au 27 kulingana na swichi. Usitumie plaizi, kofia ya swichi ni bati na inabonyea kirahisi. Yatatoka matone machache ya oili, weka kitambaa. Funga geji ya mpira kwa adapta inayolingana na uzi. Washa, angalia kama pamevuja, zima, kaza.

Sasa pasha injini hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Usiamini mshale wa maji peke yake, kwa sababu oili inachelewa kupata joto. Ukiweza lipeleke gari barabarani dakika 20, mpira wa geji ukiwa umefungwa mbali na mkanda na bomba la moshi. Kisha andika namba tatu: sailensi, 2,000 na 3,000.

Pa kulinganishia: injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990 kitabu chake kinataka angalau kPa 29 kwenye sailensi, yaani bar 0.3 tu, na kPa 245 hadi 490 kwenye 3,000. Mafundi wengi wana kanuni ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Ni kanuni ya kukumbukika ila kitabu cha injini yako ndicho kinachoamua.

#14 Spana_Kumi
Adapta yoyote ya inchi moja ya nane inaingia pale.

#15 Bi_Gasketi
Haiingii, inalazimishwa. Uzi wa Kijapani ni wa kiwango cha BSPT, nyuzi 28 kwa inchi, pembe ya digrii 55. Wa Kimarekani ni wa kiwango cha NPT, nyuzi 27, digrii 60. Zinafanana vya kutosha kuanza kushika mizunguko miwili, kisha unatia nguvu na uzi wa bloku ya alumini unaondoka. Za Ulaya nyingi ni M10x1. Pima kwa geji ya nyuzi au peleka swichi ya zamani ulinganishe nayo.

#16 Mkono_Mweusi
Na wakati wa kurudisha swichi usiizungushie tepu nyeupe ya mabomba. Umeambiwa #4 kwamba swichi ya waya mmoja inapata ethi kwenye uzi wake.

#17 Spana_Kumi
Tepu inakatwa na uzi wakati wa kukaza, ethi inapita. Weka mita, utaona sifuri.

#18 Mkono_Mweusi
Inapita leo. Kipande kilichokatwa kinakwenda wapi? Ndani ya njia ya oili. Tumia gundi ya uzi, ipake kwenye nyuzi mbili tatu tu, uache ule wa kwanza kabisa wa mbele ukiwa mtupu. Swichi nyingi mpya zinakuja na gundi imeshapakwa, usiongeze. Kaza karibu Nm 15 na basi. Gundi ikiwa mbichi, ipe saa moja kabla ya kuwasha.

#19 Volti_Tano
Kwenye tepu nakaa katikati. Ethi mara nyingi inapita kweli, nikisema kwa mita. Vipande ndivyo vinanitia wasiwasi.

#20 Mkono_Mweusi
Mbona kila mtu anataja metali na swichi tu? Kati yake kuna vitu vinne vya kukagua, na kila kimoja kina tabia yake kwenye geji.

Vali ya kupunguza presha ikikwama wazi kwa uchafu, namba zinakuwa ndogo kote na haziongezeki hata ukifika 4,000.

Chujio la kunyonyea ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini) likiziba ni kinyume: sailensi nzuri, ukikanyaga na kushikilia presha inaanza kushuka. Sababu ya kawaida ni utepe wa silikoni uliominyika ndani mtu alipofunga sampu kwa gundi nyingi. Kwenye injini zenye mkanda unaozunguka ndani ya oili, kama Ford EcoBoost 1.0 na PureTech 1.2, mkanda wenyewe unamomonyoka na unga wake unakwenda palepale.

Mpira wa bomba la kunyonyea ukikauka, pampu inavuta hewa. Mshale unatetemeka na tapeti zinapiga kelele asubuhi.

Na oili kuchanganyika na petroli: nozeli inayovuja inamwaga petroli kwenye silinda, inateremka hadi sampu. Kiwango kinapanda badala ya kushuka. Nusa kijiti cha oili. Mleta mada amesema oili iko alama ya juu. Iko kwenye alama au imeipita?

#21 Gurudumu_la_Tano
Imeipita kidogo, kama milimita tatu. Haina harufu ya petroli ninayoitambua.

#22 Ringi_Pisi
Haha, kumbe "alama ya juu" ilikuwa na nyongeza.

#23 Mkono_Mweusi
Milimita tatu hazitoshi kufanya kranki ipige oili povu. Lakini pima gari likiwa sawasawa, dakika kumi baada ya kuzima, na ukipata imezidi tena wiki ijayo bila kuongeza, basi kuna kitu kinaingia.

#24 Piga_Starti
Nachepuka kidogo. Kwenye V8 za GM zenye mfumo wa kuzima silinda, chini ya sensa ya presha kuna kichujio kidogo cha wavu. Kinaziba kwa matope ya oili, sensa inasoma chini, watu wanabadilisha sensa mara tatu bila kugusa kichujio. Injini yenyewe nzima. Kwa hiyo geji ikifungwa kwenye tundu lilelile juu ya kichujio kilekile, nayo itasoma uongo uleule.

#25 Volti_Tano
Hoja nzuri sana hiyo. Na ukichepuka tuchepuke wote: kuna magari yana geji ya mshale isiyopima kitu. Mazda MX-5 kuanzia 1995 mshale unasimama katikati presha ikizidi kiwango kidogo tu, nyuma yake ni swichi ya kawaida. Mwenye gari anatazama mshale umetulia na kulala usingizi.

#26 Gurudumu_la_Tano
Nimerudi na namba. Adapta ya BSPT, geji ya bar 0 hadi 10. Injini baridi, sailensi: 4.2. Moto kamili, sailensi: 0.35. 2,000: 1.9. 3,000: 2.7. Mshale hautetemeki. Ukishikilia 3,000 kwa dakika moja haushuki. Jaribio la #10 limetimia lote. Nikaweka swichi ya zamani na geji pamoja kwa kiungo cha njia tatu: taa inazimika presha ikifika karibu 0.45.

#27 Spana_Kumi
Asante! Swichi inatakiwa iachie kwenye 0.2 au 0.3, yako inaachia kwenye 0.45. Imechoka. Badilisha, taa itanyamaza.

#28 Mzee_Kranki
Taa itanyamaza, ndiyo, na hapo ndipo tatizo lilipo. 0.35 kwenye sailensi ni mlangoni kabisa mwa kiwango. Injini nzima ya aina hiyo nimezoea kuiona kwenye 0.8 hadi 1.2 ikiwa moto. 2.7 kwenye 3,000 inaingia kwenye kitabu ila kwa upande wa chini. Mpangilio ni uleule wa #3: baridi nzuri, moto sailensi dhaifu, ukikanyaga inapona. Hizo ni metali, au pampu iliyolika. Ukibadilisha swichi umemfunga mlinzi mdomo.

#29 Bi_Gasketi
Hebu ngojeni. Sailensi yenyewe ni mizunguko mingapi? Hakuna aliyeuliza.

#30 Gurudumu_la_Tano
Nimeangalia kwa skana: 590 hadi 610. Zamani ilikuwa karibu 750.

#31 Bi_Gasketi
Mnaona? Pampu inazunguka moja ya tano polepole kuliko inavyotakiwa. Safisha bomba la kuingizia hewa na vali ya sailensi, masizi yakijaa pale mizunguko inashuka. Rudisha 750 kisha upime tena. Kipimo cha sailensi kilichochukuliwa kwenye sailensi isiyo sahihi hakilinganishwi na kitabu.

#32 Mzee_Kranki
Mizunguko 150 haitaleta nusu bar.

#33 Bi_Gasketi
Sijasema nusu bar. Inahitaji 0.1 tu kuvuka swichi.

#34 Volti_Tano
Mimi naona mnagombania namba ambayo hamna. Geji ya bar 10 ya daraja la 2.5 inaruhusiwa kukosea asilimia 2.5 ya kipimo chake chote, yaani bar 0.25, popote kwenye uso wake. 0.35 yake inaweza kuwa 0.1 na inaweza kuwa 0.6. Na ile 0.45 ya swichi ilisomwa kwenye geji hiyohiyo, kwa hiyo Spana naye hana kitu. Tunachojua kwa uhakika ni kwamba swichi na injini zimekaribiana. Kwa sailensi tafuta geji ya bar 0 hadi 2.5, yenye kizibo cha kufunga kabla ya kukanyaga, la sivyo utaipasua.

#35 Spana_Kumi
Kwa hiyo bado inaweza kuwa swichi.

#36 Mzee_Kranki
Na bado inaweza kuwa metali.

#37 Ringi_Pisi
Nami bado nashikilia dawa ya kusafishia, safari hii Bi Gasketi ananiunga mkono.

#38 Tapeti_Nane
Aweke 10W-40 tu, presha itapanda.

#39 Mkono_Mweusi
Itapanda, maana 40 kwenye nyuzi 100 ina sentistoki 12.5 hadi 16.3. Iwapo kitabu chake kinairuhusu kwa joto la mazingira yake, si kosa. Ila kama injini ina mfumo wa kubadili majira ya vali unaosukumwa na oili, oili nzito inauchelewesha ikiwa baridi, na kodi nyingine zitaanza. Na iwekwe baada ya kupima, si kabla, vinginevyo namba zote za #26 zinakuwa za kutupa.

Mleta mada, filta uliyoitoa ipo? Ikate kwa kisu cha makopo, si msumeno, msumeno unaongeza unga wake. Fungua karatasi yake, iminye ikauke, itandaze kwenye mwanga. Kung'aa kwa rangi ya shaba au fedha kusikoshikwa na sumaku ni metali zinaliwa. Vinavyoshikwa na sumaku ni chuma, tazama pampu na mnyororo. Vipande laini vyenye rangi ya gundi ya gasketi, shusha sampu uangalie chujio.

#40 Gurudumu_la_Tano
Filta ipo. Bomba la hewa nasafisha kesho, geji ndogo naitafuta. Swichi mpya imeshafika, naiacha kwenye boksi kwanza.

#41 Spana_Kumi
Angalia kama imekuja na gundi kwenye uzi.